Mabamba ya Kuakisi Mawimbi ya Simu: Kazi Yake na Mipaka Yake

Kazi nyingi za ushirika sasa zinategemea mtandao wa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo malipo ya wakulima yamezidi kupitia katika simu mwaka hata mwaka. Hesabu za mizani, orodha za wanachama na taarifa za ghala nazo hupelekwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, chama kilichojengwa bondeni, nyuma ya kilima kinachokikinga na mnara, hupata hasara isiyoonekana katika vitabu vya hesabu. Siku ya malipo wanachama hukaa toka asubuhi hadi jioni wakisubiri fedha ambazo benki imekwisha kuzitoa, na lawama humwangukia katibu ingawa kosa si lake.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa mawasiliano wamekuwa wakichunguza kifaa kinachoweza kupunguza taabu ya namna hii. Kifaa hicho ni bamba la kuakisi mawimbi ambalo mpangilio wake waweza kubadilishwa wakati wowote. Sifa zake zimeenea, na baadhi ya sifa hizo zimepita kiasi. Yafaa basi makatibu na wanachama waelewe namna bamba hilo linavyofanya kazi, mahali linapofaa na mahali lisipofaa, ili fedha za wanachama zisije zikatumika kununua dawa ya ugonjwa mwingine.

KIVULI CHA MAWIMBI

Mnara wa simu hutoa mawimbi ya redio kama taa itoavyo mwanga. Mawimbi hayo husafiri hewani bila taabu, lakini hudhoofika yanapopenya ukuta au majani mabichi, na huzuiwa yanapokutana na kilima. Upande wa pili wa kilima hubaki katika kivuli.

Kivuli hicho hakilingani kwa mawimbi yote. Wimbi la Megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, nalo huweza kupinda kidogo juu ya kilele na kushuka upande wa pili. Wimbi la Megahezi 3,500, ambalo nchi nyingi hulitumia kwa mtandao wa kizazi cha tano, lina urefu unaokaribia sentimita 9. Wimbi la Megahezi 28,000 lina urefu wa sentimita 1 tu. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo linavyoshindwa kupinda, na ndivyo kivuli chake kinavyokuwa kizito. Hapo ndipo ilipo shida ya mitandao mipya: mawimbi mafupi yana nafasi kubwa ya kubeba habari nyingi, lakini huzuiwa na vitu vingi zaidi.

KIOO CHA RJUKAN

Mfano mzuri wa dawa ya kivuli unapatikana nchini Norway, ingawa huko kilichokosekana ni mwanga wa jua na si mtandao. Mji wa Rjukan umejengwa katika bonde lenye kina kirefu, na kwa karibu nusu ya mwaka jua halifiki chini. Mwaka 1928 kampuni ya Norsk Hydro, iliyokuwa na viwanda mjini humo, iliwajengea wakazi gari la kuning'inia kwenye kamba ili waweze kupanda mlimani na kuliona jua. Wanachama wanaopanda kilimani ili simu zao zipate mtandao wanafanya jambo lile lile.

Mwaka 2013 ilipatikana njia nyingine. Viliwekwa vioo vitatu vyenye jumla ya mita za mraba 51 katika ubavu wa mlima, mita 450 hivi juu ya mji. Kompyuta huvigeuza vioo hivyo kidogo kidogo kufuata mwendo wa jua, ili mwanga uanguke daima katika uwanja wa katikati ya mji. Mambo mawili yafaa yakumbukwe. La kwanza ni kwamba vioo haviumbi mwanga. Huuelekeza tu mwanga ambao ungepotea. La pili ni kwamba vioo hivyo hufaa kwa sababu vimewekwa mahali ambapo jua lenyewe laonekana na mji pia waonekana. Bamba la kuakisi mawimbi limefungwa na masharti hayo hayo mawili.

MUUNDO WA BAMBA

Kuakisi mawimbi ya redio si jambo geni. Tangu miaka ya 1950 wahandisi wamekuwa wakisimamisha mabamba makubwa ya chuma milimani, mfano wa mabango, ili kupindisha njia ya mawimbi kutoka kituo kimoja hadi kingine. Mabamba hayo ya zamani huelekea upande mmoja tu. Mtumiaji akihama, au mnara ukihamishwa, hayana faida tena mpaka yageuzwe.

Bamba la aina mpya halizungushwi. Uso wake umegawanywa katika vigae vidogo vya metali vilivyopangwa kwa safu, na kila kigae kwa kawaida kina upana wa nusu ya urefu wa wimbi au pungufu. Nyuma ya kila kigae kuna swichi ndogo ya umeme, mara nyingi daiodi. Swichi ikifungwa au ikifunguliwa, kigae huliakisi wimbi mapema kidogo au kwa kuchelewa kidogo. Kompyuta ndogo ndiyo inayoamua ni vigae vipi viwahi na vipi vichelewe. Mpangilio mmoja hupeleka mawimbi kulia, mwingine kushoto, na mwingine huyakusanya mahali pamoja. Kubadili mpangilio mmoja kwa mwingine huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde.

Vigae vyenyewe havitoi mawimbi yao. Umeme unaohitajika ni ule wa kuendesha swichi na kompyuta tu, nao ni mdogo ukilinganishwa na umeme unaotumiwa na mnara. Hapo ndipo bamba linapotofautiana na kikuza mawimbi, ambacho hupokea mawimbi dhaifu, huyaongezea nguvu, kisha huyarusha upya pamoja na kelele zote zilizochanganyika nayo.

NGUVU YA VIGAE VINGI

Kigae kimoja hurudisha mawimbi machache mno. Nguvu ya bamba inatokana na wingi wa vigae na mwafaka wao. Mawimbi ya redio hupanda na kushuka kama mawimbi ya ziwani. Kilele cha wimbi moja kikikutana na kilele cha jingine, wimbi hukua. Kilele kikikutana na bonde, yote mawili hufutana. Kazi ya kompyuta ni kuhakikisha kwamba mawimbi kutoka vigae vyote yanafika katika simu yakiwa yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja.

Vigae 10 vikikubaliana, kimo cha wimbi huwa mara 10 ya kile cha kigae kimoja. Lakini nguvu ya wimbi hupimwa kwa mraba wa kimo chake, kwa hiyo nguvu huwa mara 100. Vigae vikiongezwa kuwa 20, nguvu huwa mara 400. Jambo hili lilielezwa kwa hesabu kamili katika kazi ya Qingqing Wu na Rui Zhang wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, iliyochapishwa mwaka 2019. Wataalamu hao walionyesha pia hasara ya kutumia swichi za bei nafuu: kigae chenye hali mbili tu, ya kuwahi na ya kuchelewa, hupata asilimia 40 hivi ya nguvu ambayo ingepatikana kwa mpangilio kamili, chenye hali nne hupata asilimia 80 hivi. Wanaushirika hawatashangaa kusikia kwamba wanyonge wengi wanaokwenda kwa mpango mmoja hupata zaidi ya jumla ya kila mmoja peke yake.

JINSI UWEZO WA MTANDAO UNAVYOONGEZEKA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, maana watu wengi huchanganya nguvu ya mawimbi na uwezo wa mtandao. Uwezo wa mtandao ni kiasi cha habari kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, Claude Shannon, alionyesha kwamba uwezo huo hutegemea upana wa masafa yanayotumika, na uwiano kati ya nguvu ya mawimbi na kelele. Lakini uwezo hauongezeki sawasawa na nguvu. Tuseme simu moja iliyo kivulini inapata mawimbi ambayo nguvu yake ni sehemu moja ya kumi ya kelele. Nguvu ikiongezwa mara 10, uwezo wa simu hiyo huongezeka mara 7 hivi. Simu nyingine iko wazi mbele ya mnara, na nguvu ya mawimbi yake ni mara 100 ya kelele. Nguvu ikiongezwa mara 10 vilevile, uwezo wake huongezeka kwa nusu tu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo bamba humfaa mno aliye kivulini, na humfaa kidogo tu aliyekwisha kushiba.

Hata hivyo, aliye kivulini akisaidiwa, na wengine hunufaika. Mnara hugawa muda wake kwa simu zote zinazouita, kama karani mmoja wa mizani anavyowahudumia wakulima waliopanga foleni. Mkulima aliyeleta kahawa isiyochambuliwa huchukua muda mrefu mizanini, na foleni nzima humsubiri. Simu yenye mawimbi dhaifu hufanya vivyo hivyo: huhitaji muda mrefu kupitisha ujumbe ule ule ambao simu yenye mawimbi mazuri huupitisha mara moja. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme simu 50 zilizo wazi zinahitaji sekunde 1 kila moja, na simu 10 zilizo kivulini zinahitaji sekunde 10 kila moja. Jumla ni sekunde 150. Bamba likizifanya zile 10 zihitaji sekunde 2 kila moja, jumla hushuka kuwa sekunde 70. Mnara ni ule ule na masafa ni yale yale, lakini kazi inamalizika katika muda usiofikia nusu ya ule wa awali.

Ipo pia njia ya pili ya kuongeza uwezo. Mnara na simu zenye antena kadhaa huweza kupitisha mafungu kadhaa ya habari kwa wakati mmoja, mradi mawimbi yawe na njia mbalimbali za kufika. Bamba likiongeza njia moja iliyo tofauti na ile ya kwanza, laweza kuongeza fungu jingine la habari.

MAJARIBIO YALIYOFANYIKA

Wazo hili limekua hatua kwa hatua. Mwaka 2012 watafiti wa mjini Prague walieleza uwezekano wa kuwa na kuta za nyumba zinazoongoza mawimbi ya simu. Mwaka 2014 kundi la Geoffroy Lerosey na Mathias Fink mjini Paris lilionyesha kwamba bamba lenye vigae vya hali mbili laweza kupanga upya mawimbi ndani ya chumba. Mwaka huo huo Tie Jun Cui na wenzake wa mjini Nanjing, nchini China, walieleza mabamba ambayo vigae vyake huandikwa kwa tarakimu 0 na 1 na kuongozwa na programu ya kompyuta.

Mwaka 2018 kampuni ya simu ya Japani, NTT DOCOMO, pamoja na kampuni ya Metawave ya Marekani, zilijaribu bamba katika mtaa wa Koto mjini Tokyo kwa mawimbi ya Megahezi 28,000. Bamba hilo lilikuwa la mpangilio usiobadilika. Mahali palipokuwa kivulini mwa jengo, mwendo wa habari ulipanda kutoka Megabiti 60 hadi 560 kwa sekunde.

Mwaka 2020 Venkat Arun na Hari Balakrishnan wa chuo cha MIT nchini Marekani walitoa matokeo ya bamba lenye vigae zaidi ya 3,000 katika eneo la mita za mraba 6, lililowekwa ukutani ndani ya jengo. Nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha kati iliongezeka mara 9.5, lakini uwezo uliongezeka mara 2. Tofauti ya tarakimu hizo mbili inathibitisha maelezo ya Shannon, na kila msomaji wa matangazo ya vifaa yampasa aikumbuke: atakayetaja mara 9.5 na kuacha mara 2 atakuwa amesema kweli nusu.

Mwezi Septemba 2021 taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano, ETSI, iliunda kundi maalumu la kushughulikia mabamba haya. Hata hivyo, toleo la 18 la kanuni za kimataifa za simu, lililokamilika mwaka 2024, lilikubali vikuza mawimbi vinavyoongozwa na mtandao, na halikuyaingiza mabamba.

MIPAKA YA BAMBA

Mpaka wa kwanza ni ukubwa. Kwa kuwa kigae hufuata urefu wa wimbi, mita moja ya mraba hubeba vigae karibu 35,000 vya nusu wimbi kwa mawimbi ya Megahezi 28,000. Kwa Megahezi 3,500 hubeba vigae zaidi ya 500. Kwa Megahezi 900, ambayo ndiyo hutumika sana vijijini, hubeba vigae 36 tu. Bamba dogo lililofanya maajabu mjini Tokyo lingehitaji kuwa kubwa kama paa la ghala ili lifae kitu kwa mawimbi marefu ya mnara wa kijijini.

Mpaka wa pili ni umbali. Mawimbi hudhoofika yakitoka mnarani hadi kwenye bamba, kisha hudhoofika tena kutoka kwenye bamba hadi kwenye simu, na hasara hizo mbili huzidishwa, hazijumlishwi. Kwa hiyo mahali pabaya kuliko pote ni katikati. Njia ikiwa na mita 1,000, bamba lililowekwa mita 100 kutoka kwa mtumiaji humpatia nguvu mara 7 na zaidi ya lile lililowekwa mita 500. Lazima bamba liwe karibu na mnara au karibu na watumiaji, na lione pande zote mbili.

Mpaka wa tatu ni maarifa. Ili kompyuta ipange vigae, lazima ijue simu iko wapi na mawimbi yanafikaje. Vigae vikiwa maelfu, kupima huko hula muda ambao ungetumika kupitisha habari. Kwa mtu anayetembea, vipimo huchakaa upesi.

Mpaka wa nne ndio mkubwa kuliko yote. Bamba haliongezi masafa, wala halipanui njia inayotoka mnarani kwenda makao makuu ya mtandao. Mfereji wa juu ukiwa na maji machache, kuyaelekeza vizuri mashambani hakutayafanya kuwa mengi. Na pasipo mnara kabisa, bamba halina la kuakisi.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Katibu aweza kuutambua ugonjwa wa chama chake bila vyombo vya gharama. Kwa muda wa juma zima na aandike daftarini hali ya mtandao ofisini asubuhi, mchana na usiku, na siku moja kati ya hizo iwe ya malipo au ya gulio. Kisha apande mahali palipoinuka jirani na kupima tena.

Mtandao ukiwa dhaifu ofisini saa zote, hata usiku wa manane, lakini ukawa mzuri kilimani, ugonjwa ni kivuli. Alama za simu zikiwa kamili lakini ujumbe ukakwama siku za malipo tu, ugonjwa ni msongamano. Mtandao ukikosekana ofisini na kilimani pia, kinachohitajika ni mnara.

Kwa kivuli, dawa iliyo karibu ni antena ya nje iliyofungwa juu ya mlingoti na kuelekezwa mnarani, yenye waya mfupi unaoingia katika kifaa cha intaneti cha ofisi. Mahali pa kulipia paweza pia kuhamishiwa palipo wazi. Kwa msongamano, wanachama na waitwe kwa zamu, taarifa nzito zipelekwe alfajiri, na kampuni ya simu iandikiwe barua yenye tarehe na saa zilizomo daftarini. Panapokosekana mnara, nchini Tanzania maombi yaweza kupelekwa kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao kazi yake ni kuwezesha huduma kufika mahali ambapo makampuni hayavutiwi na biashara.

Iwapo chama kitaletewa pendekezo la kununua bamba la kuakisi au kifaa cha jamii hiyo, Bodi na iulize maswali haya kabla ya kulifikisha katika Mkutano Mkuu:

(a) Kifaa kimetengenezwa kwa masafa gani, na mnara wa jirani hutumia masafa gani?

(b) Mahali kitakapowekwa panaona mnara na ofisi pia?

(c) Ongezeko linalotajwa ni la nguvu ya mawimbi, au ni la mwendo wa habari?

(d) Kampuni ya simu yenye mnara imekubali kwa maandishi?

(e) Kifaa kimeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni TCRA?

Pasipo majibu ya maswali yote matano, jambo hilo na liahirishwe. Bamba la kuakisi ni uvumbuzi wa kweli, na siku moja huenda likaonekana katika kuta za miji mikubwa na hata katika mabonde ya wakulima. Kwa sasa manufaa yake makubwa yako kwenye mawimbi mafupi na mwendo mfupi. Daftari la vipimo halina gharama, na ndilo litakaloiongoza Bodi kuamua kama fedha za wanachama zinunue antena, ziandamane na barua, au zibaki benki.